Mgeni wako wa sheria za kimataifa anatafuta nini?

Vyuo vya Ulaya na Marekani vikishafunga mwezi wa Juni, ujumbe huanza kuingia: kuna profesa wa sheria za kimataifa anakuja Unguja, anataka kijana aliyesoma sheria wa kufuatana naye. Kazi hiyo nimeifanya miaka kadhaa, Unguja na Pemba, na sasa vijana wanaomaliza sheria pale chuoni Tunguu huniuliza waianzeje. Jibu langu huwaudhi kidogo. Hoteli na gari baadaye. Kwanza msome mgeni wako.

Kila profesa ana ukurasa kwenye tovuti ya chuo chake unaotaja mambo anayoyatafiti. Ule mstari wa "haki za binadamu, bahari, mikataba" haukusaidii kitu, maana kila mmoja anao. Tafuta makala zake mbili za karibuni, usome utangulizi kisha tanbihi. Tanbihi hazifichi. Kama Zanzibar haimo kabisa, basi hoja ameshaijenga kwao na huku anakuja kuitafutia mfano. Kama imo, jiandae kwa maswali makali. Wageni hao wawili hawapelekwi mahali pamoja, wala hawaanzi na watu wale wale.

Wengi huja na swali la Muungano, na sishangai. Zanzibar ilipata uhuru 10 Disemba 1963, tarehe 16 ikaingia Umoja wa Mataifa, Mapinduzi yakafuata 12 Januari, na ilipofika 26 Aprili 1964 imeshaungana na Tanganyika. Anayesomea hatima ya mikataba pale dola inapobadilika ataiachaje habari hiyo? Wengi wao wanalijua tamko la Nyerere la 1961, kwamba Tanganyika itaendelea na mikataba ya nchi mbili iliyofungwa na Uingereza kwa miaka miwili tu huku ikiipima, na wanataka kujua ya upande wetu iliishia wapi. Swali hilo ni zuri, lina nyaraka, linafanyika.

Likigeuka kuwa "je, Muungano ni halali?", mwambie mapema na kwa adabu kwamba kila baraza la Mji Mkongwe lina jibu lake, na kila atakayemhoji atataka kwanza kujua yeye yuko upande gani. Ataondoka na maoni tele. Wewe utabaki hapa na watu uliompelekea.

Mimi huwavuta kwenye maswali ya bahari. Si kwa hila. Huwawekea karatasi mezani, waamue wenyewe. Ya kwanza ni ya zamani. Mkataba wa Brussels wa 1890 wa kupiga vita biashara ya watumwa uliagiza iwepo ofisi ya kimataifa ya mambo ya bahari hapa hapa Zanzibar. Ulidhibiti pia nani apewe bendera ya dola ya kigeni kwenye chombo chake. Baadaye Uingereza na Ufaransa zilifikishana mbele ya mahakama ya usuluhishi ya The Hague juu ya majahazi ya watu wa Maskati, huko Omani, yaliyokuwa yakipeperusha bendera ya Ufaransa, na uamuzi wa 1905 ukaibana Ufaransa: isitoe bendera mpya kwa raia wa Sultani wa Maskati, isipokuwa wale iliokuwa imewaweka chini ya himaya yake kabla ya 1863. Majahazi ya pwani ile ndiyo yaliyokuwa yakishuka huku na kaskazi. Mgeni anayeijua kesi hiyo kwa kuisoma darasani, mpeleke kwenye Hifadhi ya Nyaraka pale Kilimani, umwache huko siku nzima. Hatakuuliza chakula cha mchana.

Karatasi ya pili ni hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya 12 Oktoba 2021, kesi ya mpaka wa bahari baina ya Somalia na Kenya. Sisi hatukuwa upande wowote wa kesi hiyo, lakini Pemba imetajwa humo: mahakama iliona kwamba kisiwa hicho, kikubwa na chenye watu wengi, kinazidisha kubanwa kwa eneo la bahari la Kenya upande wa kusini. Chapisha ukurasa huo uende nao Wete. Nimewaona wazee wa uvuvi wakiusikiliza ukisomwa kwa Kiswahili, na maswali yao yalikuwa bora kuliko ya semina nyingi nilizokaa. Mmoja alitaka kujua kwa nini hakuna aliyekuja kuwauliza wao samaki wanapita wapi.

Na hapo Muungano unarudi wenyewe, safari hii ukiwa na kitu cha kushika mkononi. Mambo ya nje ni ya Muungano. Uvuvi wa maji ya karibu kila upande unajisimamia. Ule wa bahari kuu una mamlaka ya pamoja, na makao yake yako Fumba. Mgeni anayetaka kuielewa katiba yetu ataielewa zaidi kwa kuuliza leseni ya meli ya jodari inatolewa na nani kuliko kwa kuuliza uhalali wa mwaka 1964.

Wa haki za binadamu nao wana yao. Wavuvi wa Kojani, Pemba, tangu zamani huenda dago, yaani kupiga kambi za uvuvi mbali na kwao, mpaka pwani ya Kenya, na wengine wakabaki huko wakazaa. Wapemba wa Kilifi na Kwale walikaa miaka mingi bila uraia wa nchi yoyote, hadi Kenya ilipowatambua mwaka 2023. Anayeandika juu ya watu wasio na uraia huishia upande wa Kenya tu. Mlete Pemba aone walikotoka.

Mambo ya njia sasa, kwa ufupi. Kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, hakitoshi huku. Zanzibar ina utaratibu wake wa kibali cha utafiti, uanze mapema kabla ya tiketi. Sheha wa mahali mnapokwenda umjulishe kabla ya kufika, si siku ya kufika. Siku za bamvua usipange kuwahoji kina mama asubuhi: maji yakitoka wako mwambani wanatafuta pweza. Na jitayarishe kwa swali utakaloulizwa wewe, si yeye. "Mwanangu, huyu mgeni wako ni wa serikali au wa chuo?" Ukisitasita, mahojiano yamekwisha.

La mwisho ni la haki yako, na vijana wengi hulionea haya. Kabla ya kazi andikeni, hata kwa barua pepe: malipo ya siku, nauli ya boti, nani anashika picha za nyaraka, na jina lako litakaa wapi. Wapo wanaotaka tafsiri, ramani na majina ya watu, kisha wanakushukuru kwenye tanbihi kama "msaidizi wa huko". Ukiwa umemtafutia hati na kumwelekeza kwenye swali, dai uandishi wa pamoja mapema, hoja ikiwa bado changa. Omba pia aje Tunguu jioni moja azungumze na wanafunzi. Karibu wote hukubali. Picha za nyaraka zinakili kwenye diski yako kabla hajapanda boti, maana akishafika kwao atakuwa na darasa jipya na barua pepe zako zitamkuta amechoka.