Maswali na majibu: Macbeth na damu isiyotoka

Maswali kuhusu Macbeth, tamthilia ya Shakespeare juu ya jemadari wa Uskoti anayemuua mfalme wake Duncan ili atawale yeye, yamerundikana, na nusu yake ni lile lile. Naanza nalo tulimalize.

Wachawi watatu ndio waliomponza Macbeth, sivyo?

Sivyo. Yasomeni upya maneno yao. Walimtabiria ufalme, hakuna aliyemwambia "ua". Banquo, jemadari mwenzake, alikuwa pale pale, akasikia kwamba kizazi chake kitatawala, na hakumshikia mtu kisu. Wazo la mauaji linamjia Macbeth mwenyewe papo hapo, hata nywele zinamsimama. Kisha nendeni Sehemu ya Kwanza, Onyesho la Saba. Yuko peke yake, anahesabu sababu za kutomuua Duncan: ni ndugu yake, ni mfalme wake, ni mgeni wake, tena ni mpole. Upande wa pili anabaki na tamaa tu, na anakiri hivyo kwa kinywa chake. Mtu aliyeichambua dhambi yake namna hiyo kabla ya kuitenda hakuponzwa na yeyote. Nimechoka na insha zinazofungua kwa neno "majaaliwa". Anayetaka majaaliwa amsome Oedipus wa tanzia ya Kigiriki, aliyemuua baba yake na kumwoa mama yake bila kujua.

Basi wa kulaumiwa ni mkewe?

Alimchochea, tena kwa kumtukania uanaume wake. Lakini usiku ule ule wa mauaji anasema angemuua Duncan mwenyewe kama mzee yule asingefanana na baba yake alivyolala. Anadai maji kidogo yatawasafisha damu. Sehemu ya Tano tunamkuta akitembea usingizini, akisugua doa la damu mkononi ambalo daktari na mhudumu wake hawalioni. Wanaomwita shetani wa kike huwa wameishia Sehemu ya Kwanza. Halafu niambieni: nani alimshauri Macbeth amuue Banquo? Mpango ule alimficha mkewe makusudi.

Naomba muhtasari wa tamthilia nzima, mtihani ni kesho.

Hii ndiyo tanzia fupi kuliko zote za Shakespeare. Isome usiku huu.

Kisa hiki ni cha kweli?

Kidogo. Macbeth alitawala Uskoti kuanzia 1040 hadi 1057, na Duncan halisi alifia vitani, si kitandani. Katika kitabu cha historia cha Holinshed, ambacho Shakespeare alikitegemea, Banquo ni mshirika wa mauaji. Jukwaani ametakaswa, na si ajabu: James wa Kwanza, mfalme wa Uingereza tangu 1603, alihesabiwa kuwa wa ukoo wa Banquo. Msiinukuu tamthilia hii kwenye mtihani wa historia.

Kama anajuta kiasi kile, mbona haachi kuua?

Hili ndilo swali nililolingoja. Anajuta, lakini hatubu. Mikono ingali na damu ya Duncan, "amina" imemkwama kooni, na anasikia sauti ikisema ameuua usingizi. Hata hivyo, kulirudisha taji hakumpitii akilini. Claudius wa tamthilia ya Hamlet, aliyemuua ndugu yake apate taji, walau anapiga magoti na kukiri kwamba hawezi kusamehewa huku akiendelea kukalia kile alichokiulia. Macbeth anatafuta usalama tu, na kila maiti inadai nyingine, hadi mke na watoto wa mpinzani wake Macduff, wasiomtishia chochote. Kisha dhamiri yenyewe inakufa ganzi. Anapoletewa habari za kifo cha mkewe, jibu lake la kwanza ni kwamba angekufa baadaye. Waongozaji wanaomliza hapo wanaharibu: mtu aliyekuwa akitetemeka kwa kubishwa hodi sasa hana hata chozi, na hiyo ndiyo adhabu yake.

Tunaigiza. Mzuka wa Banquo uonekane karamuni au la?

Chapa ya 1623, ya kwanza ya tamthilia hii, inamwingiza na kumketisha mahali pa Macbeth. Mimi napendelea kiti kitupu, ili watazamaji wamwone mfalme kama wageni wake wanavyomwona: mtu anayekifokea kiti. Mkiamua kumwonyesha, msimmwagie Banquo rangi nyekundu ndoo nzima. Watu watacheka.