Kusahau maneno jukwaani si mwisho wa kuigiza

Mdogo wangu, unasema ulisahau maneno katikati ya onyesho, watu wakacheka, na sasa unataka kuacha kuigiza urudi kuuza dagaa na shangazi yako pale soko la Mwaloni, Mwanza. Kuuza dagaa si aibu, ila usiache kwa sababu hiyo.

Mimi mwaka wangu wa kwanza niliigiza mzee, nikajipaka unga kichwani uwe mvi. Feni ikaupeperusha wote. Nikabaki nimesimama, mate yamenikauka. Mwenzangu akanitazama polepole, akasema, "Mzee, kumbe leo umeoga!" Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, tukaendelea.

Wewe ulitazama chini. Hapo ndipo ulipokosea, siyo kusahau. Mtazame mwenzako machoni. Halafu usikariri maneno tu, jua mhusika wako anataka nini. Sentensi moja ikipotea, utapata nyingine.

Mwezi wa sita nenda Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, kwenye ngoma za Bulabo, sikukuu ya Wasukuma. Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni anayevuta watu wengi. Mchezaji anaona kabisa watazamaji wanahamia upande wa pili, lakini hasimami; ndiyo kwanza anaongeza mbwembwe. Mimi pale nilijifunza kuliko mazoezini.

Pesa usiitegemee bado. Asubuhi dagaa, jioni mazoezi. Na onyesho lijalo, shangazi mkalishe mstari wa mbele.