Kwa nini sie Pemba tumekaa vilimani mbali mbali

Mwanangu, waalaykum salaam. Voisi yako nimeisikiliza, unauliza kwa nini kwetu nyumba tatu kilima hichi, mbili kile, mpaka kufikisha waya wa umeme na bomba la maji inakuwa shida, na wazee kwani walishindwa kujenga pamoja? Hawakushindwa baba.

Kwanza itazame ardhi yenyewe, Pemba ni kilima bonde kilima bonde, na bondeni maji yanatuama ndo kunakolimwa mpunga, masika huwezi kukaa pale. Mtu akajenga juu, mpunga chini, muhogo ubavuni, na mikarafuu imemzunguka.

Na karafuu ndo iliyotutawanya zaidi. Mwanzo ilikuwa nyingi Unguja, mwaka 1872 kikaja kimbunga kikaiangusha mikarafuu mingi ya kule, huku kwetu iliyobaki ikawa nyingi, bei ikapanda na watu wakazidi kupanda. Mashamba ya matajiri yalifanyiwa kazi na watumwa, hili usiwafiche wanao, utumwa ulifutwa kisheria 1897 tu. Lakini Wapemba wenyewe nao walikuwa na mikarafuu yao, na mtu hakai mbali na mikarafuu yake.

Wewe umeondoka mdogo labda umesahau. Karafuu inachumwa na vishada vyake, jioni ile ile watu wote jamvini wanachambua, unasugua kwenye kiganja tembe za karafuu zinatoka, makonyo, vile vijiti vyake, unaweka kando, mikono inakuwa myeusi na inanata hata ukiosha kwa sabuni. Ukiilundika bila kuianika inachacha, na ikianikwa lazima awepo mtu maana wingu likitanda mnakimbilia kuanua, sasa hiyo kazi utaifanyaje wewe unakaa mjini Chake Chake?

Baada ya mapinduzi ya 1964 serikali ikachukua mashamba makubwa ikagawa eka tatu tatu, na babu yako alipata hapa tulipo. Kwa hivo ukisikia watu wanasema tumekaa ovyo usikubali hata kidogo, bomba na waya vitufuate sie tulipo, ni haki yetu kama watu wa mjini.

Na hilo la kuuza eka ya babu yako ulilogusia mwisho mwisho, hapana. Njoo msimu ukiingia ukaizunguke na bibi yako akuoneshe mipaka, bado anaijua mkarafuu kwa mkarafuu.

Mama yako