Unataka kumwita mtoto John? Subiri kwanza

Mimi kwa vyeti vya shule ni John, kwenye cheti cha ubatizo ni Yohana, na kwa mama mpaka leo ni Joni. Miaka yote nilikuwa nachukulia poa tu, mpaka siku nafuatilia kitambulisho, dada wa dirishani kaweka vyeti viwili pembeni pembeni akaniuliza "Yohana ni nani?" Nikamwambia ni mimi, akasema leta kiapo cha wakili. Hela ikatoka na siku mbili za kazi zikapotea.

Kumbe ni mwalimu wangu wa darasa la kwanza, aliandika John kwenye rejista kwa sababu ni jina lilelile. Na kweli ni lilelile, limetoka kwa Waebrania, Yohanan, maana yake Mungu ametenda neema, ndugu zetu Waislamu wanasema Yahya, Mhispania anasema Juan, Mwitaliano Giovanni, Mrusi Ivan, Mskoti Ian. Ila kompyuta ya ofisini haijui Kiebrania jamani, yenyewe inalinganisha herufi tu. Kwa hiyo chagueni moja mapema, baba na mama na msimamizi wa ubatizo wote wakubaliane.

Halafu usimwandike Jon ukidhani umefupisha. Jon mara nyingi ni kifupi cha Jonathan, jina jingine kabisa, hilo maana yake Mungu ametoa. Kifupi cha John cha tangu zamani kwa Waingereza ni Jack, ndo maana John F. Kennedy, yule rais wa Marekani, watu wake walikuwa wanamwita Jack.

Na mtoto akikua akaenda kwa Wamarekani aandaliwe kisaikolojia. Nilikuwa mapokezi kwenye hoteli moja ya ufukweni, mgeni kaja mbio kauliza john iko wapi, nami kwa tabasamu lote nikamjibu "ni mimi hapa, nikusaidie nini?" Kumbe kwao john ni choo! Na maiti ya mwanaume isiyotambulika wanaiita John Doe. Basi tu.

Pamoja na yote hayo wa kwangu nimempa John. Kliniki nesi akaandika "Jhon" kwenye kadi, nikamrudishia palepale, akanuna, nikasimama pale pale dirishani mpaka akatoa kadi nyingine.