Ukienda Alpujarra, Fuata Maji

Naishi Granada, kusini mwa Hispania, na wageni wangu wengi kutoka nyumbani hufika na mpango mmoja tu kichwani: kasri la Alhambra, picha, kisha ndege. Sawa, Alhambra ina haki yake. Ila nikisikia mtu ana siku mbili tatu za ziada, namsukumia kwenye basi la Alpujarra, mteremko wa kusini wa milima ya Sierra Nevada, kwenye vijiji vyeupe vilivyong'ang'ania kingo za makorongo. Baadhi yao hurudi jioni ileile wakiniambia ni pazuri lakini hakuna vya kuona. Hao najua walichofanya: walishuka kijiji cha Pampaneira, wakapiga picha kanisa, wakanunua zulia, wakala, wakapanda basi la kurudi.

Alpujarra usiende kutafuta jengo moja kubwa. Cha kale chenye thamani kuliko vyote huko bado kinafanya kazi, nacho ni mfereji. Wenyeji wanauita acequia. Ukiuona, acha barabara, uufuate.

Mfereji wenyewe hautishi kwa ukubwa. Mara nyingi unaweza kuuvuka kwa hatua moja, kingo zake ni mawe na udongo, na pembeni kuna kijia cha kupita mtu mmoja. Mtandao huu uliendelezwa zama za Waislamu wa Al-Andalus, yaani Hispania iliyokuwa chini ya utawala wao. Theluji ikianza kuyeyuka, mifereji huyadaka maji huko juu na kuyashusha mashambani. Ila ipo aina nyingine, ya careo, na hiyo ndiyo iliyonifanya niipende Alpujarra. Inachukua maji juu kabisa mlimani, inayapeleka mahali ambapo ardhi inanyonya, na kuyaacha yazame. Makusudi kabisa! Yanapita chini kwa chini, polepole, wiki kadhaa hata miezi, kisha yanatokeza kwenye chemchemi za chini wakati wa kiangazi, mvua imeshasahaulika. Mlima mzima umefanywa tangi. Msomaji wa Kilimanjaro ataielewa kazi hii haraka kuliko mimi, maana mifongo ya Wachagga ni ndugu wa mifereji hii, pamoja na zamu zake na ugomvi wake.

Juu ya kijiji cha Capileira niliwahi kumkuta mzee, jembe begani, amesimama pale mfereji unapogawanyika. Aling'oa bamba la jiwe na mabonge ya nyasi yaliyokuwa yameziba njia ya kushoto, akayahamishia kulia, akayashindilia kwa buti mpaka maji yakaacha kuvuja. Basi. Mto mdogo ulikuwa umehamia shamba la mtu mwingine. Akatazama saa yake, akanisalimia kwa kichwa, akashuka. Zamu za maji huko zinahesabiwa kwa saa, na aliyepewa zamu hana muda wa kupiga soga na watalii.

Wazee wa namna hiyo wanapungua, vijana wako mijini, na mifereji mingi iliachwa ikafukiwa. Wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Granada wamekuwa wakishirikiana na wanavijiji na watu wa kujitolea kuifukua na kuirudishia maji. Ukipita mahali ukakuta kundi la watu wana sepetu na matope hadi magotini, huenda ndio hao.

Pa kufikia, nakushauri korongo la Poqueira. Lina vijiji vitatu vilivyopangana kama ngazi: Pampaneira chini, Bubión katikati, Capileira juu, yapata mita 1,430 kutoka usawa wa bahari. Lala Capileira au Bubión, si Pampaneira, kwa sababu mabasi ya watalii humwagia watu Pampaneira na ukipanda kidogo tu kelele zinaisha. Asubuhi shuka kwa miguu toka Capileira hadi Pampaneira kwa vijia vya zamani, jioni rudi kwa basi. Magoti yako yatanishukuru.

Ukiwa njiani tazama mapaa. Watu wanatembea wakiangalia kuta nyeupe tu, kumbe ufundi uko juu. Paa ni bapa, halina vigae. Chini zimelazwa boriti za mbao, juu yake mawe bapa au matete, na juu kabisa udongo wa kijivu unaoitwa launa. Ukiushika mkavu unabomoka vidoleni kama unga uliochanganyika na magamba. Ukilowa unashikana na kuzuia maji. Wazee wanasema lazima umwagwe mwezi ukiwa unapungua, la sivyo paa litavuja. Mabomba ya moshi ni ya duara, yamevikwa kofia ya jiwe. Vichochoro vingine vimepita chini ya vyumba vya watu, na sehemu hiyo yenye kivuli inaitwa tinao. Bubión kuna nyumba ya kienyeji iliyohifadhiwa kama makumbusho pamoja na vyombo vyake. Ni ndogo, lakini ingia; ndiyo itakayokuonyesha familia ilivyoishi na mifugo yake chini ya paa moja.

Haya yote yameachwa na watu waliofukuzwa. Granada, iliyokuwa ufalme wa Kiislamu, ilisalimu amri kwa wafalme Wakristo tarehe 2 Januari 1492, na ahadi za kuwaachia Waislamu dini yao hazikudumu hata miaka kumi. Walibatizwa kwa lazima, wakaitwa Wamorisko, na mwaka 1567 ikatoka amri ya kupiga marufuku lugha ya Kiarabu na mavazi yao. Krismasi ya 1568 milima hii ikaasi, chini ya kiongozi wao Aben Humeya. Vita vikaisha 1571 kwa damu nyingi, na Wamorisko wa Granada wakatawanywa sehemu nyingine za Hispania. Mfalme akaleta walowezi kutoka kaskazini, watu wasioijua mifereji kabisa. Inasimuliwa kuwa katika kila kijiji ziliachwa familia chache za Wamorisko ili ziwafundishe wageni namna ya kuyaongoza maji. Nikikaa ukingoni mwa acequia nalifikiria hilo: unamfundisha kazi mtu aliyepewa shamba la jirani yako.

Kama una nafasi, shukia Lanjarón pia. Wengi wanaijua kwa maji ya chupa. Mimi nakupeleka kwenye magofu ya ngome yaliyo juu ya mwamba, chini ya mji. Mwaka 1500 Mfalme Ferdinand aliishambulia wakati wa uasi wa awali, kabla ya ule wa 1568, na simulizi inasema kamanda wa walioilinda alikuwa mtu mweusi, aliyejirusha kutoka mnarani kuliko kukamatwa. Jina lake halitajwi katika simulizi hiyo. Wageni wangu wa Kiafrika hukaa pale muda mrefu kuliko walivyopanga.

Kwenye kijiji cha Pórtugos kuna Fuente Agria, chemchemi ya maji yenye madini ya chuma, mawe yake yamegeuka rangi ya kutu. Onja. Ni kama kulamba msumari, na wenyeji wanaapa kila bomba lina ladha yake. Pampaneira nako kuna chemchemi inayodaiwa kumpatia mchumba kapera anayeinywa. Rafiki yangu mmoja alijaza chupa mbili; bado tunasubiri.

Wenye mapafu watataka Mulhacén, mita 3,479, kilele kirefu kuliko vyote katika rasi ya Iberia, yaani Hispania na Ureno, kilichopewa jina la Muley Hacén, babake Boabdil, sultani wa mwisho wa Granada. Kiangazi kuna basi dogo kutoka Capileira linalokupandisha hadi karibu mita 2,700. Weka nafasi mapema. Usikidharau kwa kuwa umewahi kufika Uhuru. Theluji inaweza kukaa hadi Juni, na mawingu ya radi ya mchana hayabishi hodi, kwa hiyo uwe umeshaanza kushuka kabla ya saa sita.

Msimu mzuri wa kutembea ni Mei na Juni, au mwishoni mwa Septemba na Oktoba. Mei mifereji imejaa. Agosti utakuta mingine imekauka na jua linachoma. Beba koti hata kama Granada ni joto. Viatu viwe na soli inayong'ata, kwa sababu mawe ya vichochoro yamelainishwa na miguu ya karne nyingi.

Chakula: kwa asiyekula nguruwe, uwe macho. Sahani ya kienyeji, plato alpujarreño, ina viazi na yai, pamoja na soseji na paja la nguruwe lililokaushwa, na kijiji cha Trevélez kimejijengea jina kwa paja hilohilo tangu Malkia Isabel II alipolipatia muhuri wake mwaka 1862. Omba "sin carne", yaani bila nyama, kisha rudia kwamba soseji pia ni nyama, maana wapo wanaodhani si nyama. Mji wa Órgiva una jumuiya ya Waislamu, hivyo ni mahali pazuri pa kuuliza. Jikoni hufungwa alasiri, na chakula cha usiku hakianzi kabla ya saa mbili na nusu. Nunua mkate na jibini asubuhi.

Mabasi ni machache kwa siku, na safari kutoka Granada inazidi saa mbili, kona juu ya kona. Kama unatapika garini, kaa mbele. Piga picha ratiba iliyobandikwa kituoni mara tu unaposhuka, kwa sababu ratiba ya Jumapili ni tofauti, na ukikosa basi la mwisho utalipia teksi kutoka kijiji kingine.