Damu haikati baada ya kung'oa jino, mama anatumia warfarini

Dada, warfarini (dawa ya kuzuia damu isigande) msiikatishe wenyewe. Umesema mama ana valvu ya bandia ya moyo. Damu ikiganda pale ni hatari kuliko kidonda cha fizi.

Mkalisheni wima. Ondoa mabonge yanayoning'inia nje ya tundu, kunja gozi safi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) iwe nene, ilowanishe kidogo, iweke juu ya tundu lenyewe, ang'ate kwa nguvu dakika 30 bila kufungua. Wengi huharibu hapa: wanachungulia kila mara na kubandua damu iliyoanza kuganda. Pamba hapana, nyuzi zake hunasa. Leo asisukutue, asiteme kwa nguvu, chai ya moto aiache. Mate ya pinki ni kawaida.

Maumivu, parasetamoli tu. Diklofenaki (maduka ya dawa huitoa bila hata kuuliza) na ibuprofeni huzidisha damu. Flagyl (metronidazo, dawa ya kuua vijidudu) nayo huongeza nguvu ya warfarini.

Damu ikiendelea, rudieni na gozi mpya. Hiyo ya pili ikishindwa, au damu ikijaa mdomoni, nendeni dharura usiku huu huu: hapa Dar es Salaam ni Amana, Temeke, Mwananyamala au Muhimbili, popote palipo karibu, na majibu yake ya INR (kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda). Huko hushona fizi, au hujaza tundu sponji ya kugandisha damu.