Maswali Yenu: Kuhamia Mji Mdogo Baada ya Kustaafu

Barua nyingi zilizonifikia karibuni zatoka kwa watu wa Mombasa wanaokaribia miaka 60, umri ambao mtumishi wa serikali hulazimika kustaafu. Wamechoshwa na joto, kelele za tuktuk na kodi za mjini, na wanataka mji mdogo uliotulia, penye shamba kidogo na kuku wachache. Nimechagua maswali machache. Ambaye swali lake halimo asome majibu ya wenzake, huenda limejibiwa.

Nafanya kazi bandarini, nastaafu mwakani. Mimi ni Mtaita, mke wangu mzaliwa wa Majengo, Mombasa. Nataka tuhamie Wundanyi, kwetu milimani, kwa sababu kumetulia na hewa ni safi. Nimeona kiwanja. Ninunue sasa au ningoje pesa za kustaafu? (Changamwe)

Ndugu yangu, usinunue sasa, wala usinunue siku pesa zitakapoingia. Pangeni nyumba Wundanyi mkae mwaka mzima kwanza.

Wundanyi unayoijua wewe ni ya Desemba, jamaa wote wamerudi nyumbani na kila siku kuna mahali pa kula. Nenda ukaione ya Julai. Mji uko zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari. Ukungu hushuka asubuhi ukakaa, nguo zashinda kambani zisikauke, na mtu aliyekulia Majengo dirisha wazi usiku kucha atajikuta akilala na soksi. Wengine huizoea baridi hiyo wakaipenda. Wengine viungo huwauma hadi wakarudi Mombasa, na nyumba imeshajengwa.

Halafu simama kwenye hicho kiwanja chako utazame chini. Mashamba ya huko yamekatwa matuta, na nyumba nyingi ziko mbali na barabara, juu au chini yake, kwa njia ya miguu tu. Gari lafika mlangoni? Mvua ya Aprili ikinyesha udongo ule mwekundu wateleza hata kwa kijana. Leo una miaka 59 na unapanda bila kuhema. Chagua nyumba ya mtu wa miaka 75 mwenye goti bovu, kwa sababu huyo ndiye atakayeishi humo muda mrefu zaidi.

Matibabu ya kawaida mtayapata hospitali ya Wesu, karibu na mji. Makubwa zaidi mtateremka hadi Hospitali ya Moi mjini Voi, na ya mabingwa mara nyingi yatawarudisha Mombasa, kama kilomita 150 kutoka Voi, bila kuhesabu kona za mlimani mpaka Mwatate. Kama mmoja wenu anaonana na daktari kila mwezi, piga hesabu ya nauli na ya uchovu sasa hivi.

La mwisho ni mkeo. Wewe unarudi kwenu, yeye anahama kwao. Majirani watakusalimu kwa Kidawida na utajibu, yeye atatabasamu. Hukuniambia ana maoni gani, na hilo lanitia wasiwasi kuliko baridi.

Mji upi ni mzuri zaidi Pwani kwa mstaafu? (Wasomaji kadhaa)

Swali hili hunijia kila mara, na kila mara mwulizaji hasemi ana umri gani, anaugua nini, jamaa zake wako wapi wala pensheni yake ni kiasi gani. Bila hayo sina jibu. Andikeni tena mkiwa mmeyaeleza.

Dalali amenipeleka kuona ploti ndani ya Kilifi, bei nafuu sana kuliko za barabarani. Mwenyewe hana hati, asema iko njiani, tutaandikishana kwa chifu. Je, ni salama? (Mwalimu, Kisauni)

Si salama, na nimechoka kuliandika hili. Watu wenye elimu yao wanatoa akiba ya maisha kwa karatasi iliyogongwa muhuri wa chifu! Chifu hana mamlaka ya kuhamisha ardhi. Karatasi yake yaonyesha tu kwamba watu wawili walikaa mbele yake wakakubaliana.

Fahamu ardhi ya Pwani ilivyofika hapa. Mwaka 1908 wakoloni walileta sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa pwani, kila mwenye madai aende akayaandikishe. Waliozijua ofisi na karatasi waliandikisha. Wamijikenda wengi waliokuwa wakilima hawakuandikisha, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa mali ya serikali ya kikoloni. Ndiyo maana hadi leo waweza kumkuta mzee aliyezaliwa chini ya mwembe uliopandwa na babu yake, makaburi ya jamaa zake yako hapo hapo, na rejista ina jina la mtu asiyepata kukanyaga pale. Mzee huyo hakudanganyi akisema ni kwake. Lakini anachoweza kukuuzia ni makazi yake, hati hana ya kukupa. Siku mwenye jina akija na amri ya mahakama na tingatinga, mtavunjiwa wote wawili.

Kwa hivyo dai namba ya ploti. Dalali asiye na namba hana ploti. Ukiipata, wakili wako, si wa muuzaji, akafanye sachi, yaani upekuzi wa rejista, ofisi ya ardhi aone jina la mwenyewe, na kama kuna mkopo au zuio. Mpima ardhi akuonyeshe bikoni, alama za mipaka, kwa mkono, moja moja, hata kama ni kupita vichakani. Ikiwa ni ardhi ya kilimo, kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi kiombwe ndani ya miezi 6 tangu mlipoandikiana mapatano, ama sivyo mauzo yanaweza kuwa batili. Mke wa muuzaji naye asikike akikubali. Pesa zipitie akaunti ya wakili. Na barua ya mgao ya skimu ya makazi, yaani mpango wa serikali wa kugawa ardhi, si hatimiliki, hata iwe na mihuri ya ofisi tatu.

Mwalimu, hata hati ikiwa safi, umewahi kulala huko walau usiku mmoja? Kapange chumba kwanza.

Ploti za pembeni mwa Voi ni rahisi na treni ya SGR inasimama pale. Mwasemaje? (Miritini)

Zile zilizo rahisi sana ziko njia ya ndovu. Mbuga za Tsavo zimechukua zaidi ya nusu ya Kaunti ya Taita Taveta, na ndovu hasomi uzio wa michongoma. Waulize majirani walivuna nini msimu uliopita, na kama baada ya magharibi watoto wanaruhusiwa kwenda dukani. Ukitaka Voi, kaa mjini Voi.

Mimi ni mjane wa miaka 63, nina sukari na presha. Wanangu wananishauri nihamie Kwale mjini. Nitapata utulivu? (Tononoka)

Utaupata, dada yangu. Kwale mji ni mdogo, uko juu kwenye vilima vya Shimba, na ukishapanda kutoka Kombani waona upepo umebadilika. Hospitali ipo pale pale mjini, na ya rufaa ya kaunti iko Msambweni. Kwa mgonjwa wa sukari mji huo naupenda kuliko vijiji vingi vya ufuoni vinavyosifiwa kwa mandhari.

Lakini usiende kwa kusifiwa. Chukua kichupa chako cha insulini, panda matatu siku ya kazi, ingia duka la dawa ukionyeshe: hii mnayo? Mnayo mwezi mzima au kwa bahati? Umeme ukikatika mnaihifadhi wapi? Kisha nenda zahanati uulize siku ya kliniki ya sukari. Kisha ongea na kijana wa bodaboda aliye karibu na nyumba utakayopanga, umuulize kama simu yako ataipokea saa nane za usiku, na gari la kukodi ni la nani. Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayokuambia kama utaishi Kwale vizuri.

Kadi ya zamani ya bima ya afya, NHIF, isahau. Tangu Oktoba 2024 ni SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, na asiye na mshahara hupimwa uwezo wake kisha akatakiwa kulipa mchango wa mwaka. Jiandikishe kabla hujahama, ukiwa bado karibu na wanao wa kukusaidia na simu.

Nimeahidiwa kisima chenye maji matamu kwenye ploti ya Msambweni. Nitajuaje? (Likoni)

Nenda na kipande cha sabuni ya kufulia na chupa safi. Teka maji, fua kitambaa hapo hapo. Povu likikataa na sabuni ikigandamana kama utando mweupe, maji hayo ni magumu au yana chumvi. Onja. Tazama mifereji ya majirani, iliyoliwa na kutu haifichi kitu. Chemsha chai ya maziwa kwa maji hayo, ikikatika umeshajibiwa. Halafu rudi Machi kabla ya mvua ufanye yale yale, kwa sababu kisima kitamu cha Juni chaweza kuwa cha chumvi maji yakishuka. Maji ya chupa ulopelekewa na dalali hayahesabiwi.

Nikistaafu, nizimwage pesa zote kwenye nyumba ya kifahari kijijini? (Bamburi)

Hapana. Nyumba hailipi dawa.

Niongeze moja, kwa sababu wengi hawalijui mpaka siku ya kujaza fomu: mfuko wa aina ya pensheni hukupa kwa mkupuo hadi theluthi moja tu, iliyobaki huja kidogo kidogo kila mwezi. Msichore ramani ya vyumba sita kwa pesa ambazo hamtazishika pamoja.

Shikamoo. Baba ana miaka 68, amefanya kazi Mombasa maisha yake yote. Sasa ataka kurudi Ganze kwenye shamba la babu. Twasikia habari za wazee kuuawa kwa kusingiziwa uchawi. Tumzuie? (Binti, Mikindani)

Marahaba, mwanangu. Hofu yenu ina msingi, na asiwacheke mtu.

Kwa miaka mingi Kaunti ya Kilifi imekuwa ikizika wazee waliokatwa mapanga na vijana, mara nyingine na vijana wa nyumba zao wenyewe, kwa neno moja tu: mchawi. Mvi zimegeuzwa ushahidi. Huko huko Ganze, Kaya Godoma, kuna kituo cha kuwahifadhi wazee waliokimbia makwao. Watu waliolea, waliosomesha, wanamalizia umri kwa kujificha. Hii ni aibu yetu sote watu wa Pwani, na haitaisha tukiendelea kuisema kwa kunong'ona.

Chimba kesi hizo na mara nyingi chini yake utakuta shamba. Mzee ameshika ardhi, vijana wataka kuuza, mnunuzi amekwisha kuja kuona. Mtoto akiugua au kijana akifa, matangani anatokea mtu wa kuuliza kwa sauti ya chini, "Hivi mzee huyu ataishi mpaka lini?" Hapo ndipo huanza.

Simzuii baba yenu. Ana haki ya kurudi kwao. Lakini asirudi peke yake, na asirudi kabla ya mambo ya shamba kumalizwa. Kaeni ukoo mzima, pamoja na wale wajomba msioongea nao, mgawane mbele ya mashahidi, kila mtu ajue mpaka wake, kisha mfuate hati. Kama ni Waislamu, mwulizeni Kadhi tofauti ya hiba na wasia, maana wasia hauvuki theluthi ya mali na hauandikiwi mrithi. Baba apange nyumba kwenye kituo cha biashara, penye taa na majirani, badala ya kukaa boma la pekee ndani kabisa. Nendeni mara kwa mara, na muonekane mkienda. Mzee anayetembelewa hachezewi kirahisi.

Na mkisikia neno la kwanza, hata kama ni la utani, msingoje la pili. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 inafanya kuwa kosa kumtuhumu mtu uchawi huko mitaani. Nendeni kituo cha polisi, mwandikishe, mrudi na namba ya OB, kitabu cha matukio, na chifu apewe habari siku hiyo hiyo. Baadaye mtu akiwaambia ya nini kuharibu undugu, mjibuni kwamba undugu umeharibiwa na aliyetamka.

Nikihamia upande wa Diani bado nitategemea feri ya Likoni? (Tudor)

Kwa gari, la, barabara ya Dongo Kundu inakutoa Miritini hadi Kaunti ya Kwale bila kuvuka na feri. Kwa matatu na miguu, feri bado ni maisha yako.

Nina nyumba ya Kiswahili Kisauni, bila ardhi, vyumba sita. Nataka kuiuza nihamie Takaungu. Nimechoka. (Bi mkubwa wa Kisauni)

Takaungu nakuunga mkono, Bi mkubwa. Ni mji wa ukoo wa Mazrui uliohamia huko baada ya kuipoteza Mombasa mwaka 1837, misikiti ipo, lugha ni yako, na Hospitali ya Kaunti ya Kilifi iko ng'ambo ya daraja. Kwa umri wako sijui mahali pengine karibu hivyo palipotulia hivyo.

Kuuza sikuungi mkono. Nyumba bila ardhi yauzwa kwa bei ya kuta na mabati, na mwenye ardhi atataka chake kabla hajakubali jina jipya. Utabaki na pesa ambazo wajukuu wataziona na kuziomba. Ipangishe. Vyumba vitano vikilipa, hata kama kimoja huchelewa kila mwezi, unapata kipato ambacho hakuna ofisi itakayokuzungusha nacho. Kodi ya ardhi ilipe kabla ya siku yake na risiti uziweke zote, za miaka yote, kwa sababu ndizo haki yako pekee pale. Mkusanyaji awe mtu mmoja unayemwamini, si watoto watatu kwa zamu.

Chumba cha mbele usikipangishe. Weka kitanda, chandarua na jiko dogo. Ukiitwa kliniki Mombasa utalala hapo siku ya kutangulia, uamkie foleni bila kupanda matatu alfajiri.